Sanduku la Rangi na Bwawa la Kwemsala

Mwanangu Zaina,

Watu wakiandika barua huanza kwa kusema wao ni wazima, kisha wakaulizia hali ya yule wa mbali. Mimi nitakuulizaje hali, na asubuhi hii hii nimekusikia ukigombana na mama yako kuhusu nani kaficha kufuli la sanduku la nguo? U mzima, na sauti unayo. Mimi pia ni mzima, isipokuwa pua, ambayo habari zake unazijua. Mmekwenda Mazinde kumuaga mama yako mdogo, mtarudi na basi la alasiri, na mimi nimebaki kwenye banda la uani mbele ya meza yangu ya kazi. Nimesogeza patasi na makopo pembeni ili nipate mahali pa kuweka karatasi.

Sitaandika habari za kuchemsha maji, wala za kufunga mlango, wala nani wa kumwamini na nani wa kumkwepa huko Dar es Salaam. Mama yako amekwambia hayo wiki nzima, na aliyoyasahau atayasema kesho stendi kwa sauti ya kusikiwa na abiria wote. Mimi nina jambo moja. Ninalo tangu siku ulipoleta barua ya chuo, na kila nilipotaka kulisema nilijikuta nimeshika msasa, nasugua kitu ambacho tayari kilikuwa laini.

Juzi ulikuja hapa bandani ukasema, "Baba, nataka niondoke na lile bwawa. Nitaliweka kwenye meza yangu ya chuo." Nikakujibu tutaona. Ukacheka, ukasema baba akisema tutaona ameshakubali. Kisha ukanisimulia ulichowajibu wale waliokuhoji, walipotaka kujua kwa nini msichana anataka kujifunza kupima ardhi. Uliwaambia baba yako alitengeneza kijiji kizima juu ya ubao, chenye barabara, nyumba na bwawa, na watu wakaona wakahamia. Na wewe, mtoto mdogo, ukajua kwamba mtu anaweza kukaa mezani akapanga mahali wenzake watakapoishi. Ulisema kwa furaha sana. Mimi nikasema vizuri, nikaendelea kusugua.

Acha nianze na sanduku la kupulizia rangi, kwa sababu bila hilo lile bwawa lisingetoka lilivyotoka.

Wewe unalijua likiwa limezeeka, limejaa misumari na tambara. Hukulijua likiwa jipya. Wakati ule nilikuwa mpakaji rangi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Mchana kutwa napaka malori na mabehewa ya reli ndogo, na nikirudi nyumbani, badala ya kupumzika kama watu wenye akili, natengeneza malori mengine madogo. Nilikuwa nayachonga kwa ule mti wa maua unaochomoza katikati ya mkonge unapozeeka. Ukikauka ni mwepesi, unakatika kwa kisu bila ugomvi, na shambani ulikuwa umejaa, hakuna anayeutaka isipokuwa wajenga mabanda ya mbuzi. Nilichonga lori, basi, kichwa cha treni, tingatinga. Sikuwa nauza. Mama yako aliniuliza vya nini vyote hivi, na mpaka leo sijapata jibu. Nilipenda tu kuona kitu kikubwa kimekuwa kidogo, mlango wake unafunguka kwa ukucha.

Tabu ilikuwa rangi. Kitu kidogo ukikipaka kwa brashi, mistari inabaki juu yake kama matuta ya mihogo. Lazima upulize. Bunduki ya rangi ya karakana ilikuwa haitoki karakana, kwa hiyo nikachukua pampu ya mkono ya dawa ya mbu, ile yenye kikopo chini na mpini wa kusukuma, nikaziba tundu lake kwa risasi iliyoyeyushwa, nikalitoboa upya kwa sindano. Ikapuliza ukungu mzuri kabisa. Ila rangi inayopulizwa haiendi yote kwenye lori. Nyingine inabaki hewani, inatua kwenye chandarua, kwenye mashuka, kwenye sufuria ya maziwa. Na thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, inapanda kichwani. Nilikuwa napuliza mara tano sita, kichwa kinaanza kuzunguka, natoka nje nakaa kwenye jiwe la kufulia mpaka dunia itulie, nakitazama kile kigari kwa mbali kupitia mlangoni, ndipo narudi. Naomba ulikumbuke hilo jiwe.

Wewe ulikuwa na kifua, unakohoa usiku na mchana. Siku moja mama yako alinikuta napuliza ndani, akakuweka mgongoni, akafunga kanga, akasimama mlangoni.

"Baba Zaina, chagua. Itoke rangi humu ndani, au tutoke sisi."

Hakupandisha sauti, na ndiyo maana niliogopa.

Nikaenda kwa Mzee Kanji, yule Mhindi mwenye duka la vyombo aliyekuwa akiweka malori yangu juu ya kaunta yake ili watoto wa wateja wanyamaze. Alinipa sanduku la majani ya chai, lile la plaiwudi lenye karatasi ya fedha ndani, na feni ya mezani iliyovunjika mguu. Sanduku nikalilaza ubavu, mdomo wake ukanitazama mimi. Ile karatasi ya fedha sikuibandua, kwa sababu ilirudisha mwanga, ukawa unakiona kitu pande zote. Juu nikatoboa mahali pa kioo kidogo, na taa nikaiweka nje ya kioo. Nyuma nikakata shimo la duara, nikaunganisha makopo yaliyotolewa vitako, moja ndani ya jingine, likawa bomba la kutoa hewa mpaka nje ya ukuta. Feni nikaitia ndani ya bomba. Nikajiona fundi.

Siku ya kwanza nilipoiwasha, cheche ya mota ikakutana na mvuke wa thina. Ilikuwa moto wa kufumba na kufumbua, puu, ukazimika wenyewe, lakini nyusi zangu ulikwenda nazo. Nilipotokea uani mama yako alinitazama, akakaa chini, akacheka mpaka akashika ubavu. Nilikwenda kazini wiki tatu bila nyusi, na karakana nzima ikawa inaniita Bwana Yai. Hapo nikajifunza kwamba mota haikai kwenye njia ya mvuke. Nikaitoa nje, nikaifunga kwenye ukuta wa pembeni, na yale mapanga ya feni nikayabakiza ndani ya bomba yakizungukia kwenye kitovu cha gurudumu la baiskeli. Kati ya mota na mapanga nikapitisha mkanda niliokata kwenye mpira wa ndani wa tairi. Ukilegea unaubana, ukikatika unakata mwingine.

Kosa la pili lilikuwa mdomo wa bomba. Niliutoa chini ya paa la jiko la uani kwa sababu huko ndiko ukuta ulikuwa rahisi kutoboa. Siku mbili tukala mboga zenye ladha ya lori. Mama yako alinipakulia tu nyingi kuliko kawaida. Siku ya tatu nikapandisha bomba mpaka juu ya paa.

Kisha chujio. Bila chujio mapanga yanashika rangi, yanakuwa mazito, yanaanza kupiga kelele. Nikachukua nyuzi za mkonge, zile fupi zinazoanguka chini ya mashine ya kupigia mkonge brashi, nikazichambua, nikazitandaza kati ya vipande viwili vya waya wa kuku, nikaziweka mbele ya shimo. Zilishika rangi yote. Zikijaa unatupa, unaweka nyingine, na mkonge Korogwe haujawahi kumwishia mtu. Mwisho nikaazima ubani wa mama yako, nikauwasha mbele ya sanduku nione hewa inakwendaje. Ule moshi ulisimama kidogo, ukainama, ukaingia ndani wote, hata uzi mmoja haukurudi nyuma. Mama yako akaja akanusa huku na huku, akasema haya, sasa unaweza kuishi na sisi.

Nilifurahi siku ile kuliko siku nyingi za maisha yangu, nakwambia kweli. Na sanduku lilifanya kazi sawasawa. Sikupata tena kizunguzungu. Niliweza kukaa pale saa tatu, saa nne, napuliza tu, sina haja ya kutoka nje wala kukaa kwenye jiwe. Nyasi zikaota kulizunguka.

Sasa lile bwawa.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Bibi yako, mama yangu, ambaye wewe umechukua jina lake na ndiyo maana nakuita mama, alikuwa bado anaishi upande wa Handeni, kwenye kitongoji chetu cha bondeni, nyumba kumi na kitu kando ya mto wa mchanga. Ule mto hautiririki isipokuwa masika. Kiangazi watu wanachimba visima vidogo mchangani, kila ukoo unajua mahali pake, wanavifunika kwa matawi ya miiba ng'ombe wasivikanyage, na alfajiri unakuta maji yamejaa, masafi, ya baridi. Mimi nimekunywa hayo nikiwa mtoto. Mama alijua kisima chake hata macho yakiwa yamefumbwa.

Akaja bwana mmoja kutoka ofisini, kijana tu, ambaye watu walimwita Bwana Ramani kwa sababu hakuonekana bila karatasi kwapani. Aliona lori langu dukani kwa Mzee Kanji, akauliza aliyelitengeneza ni nani. Alikuja mpaka hapa nyumbani, akanywa chai, akasema anataka mfano wa kijiji kipya, juu ya ubao, nyumba zote, barabara, shule, ili wananchi waone kwa macho wanakokwenda. Alisema watu wakielezwa kwa maneno wanatikisa vichwa tu, lakini wakiona watapenda. Nikauliza ni kijiji gani. Akasema Kwemsala.

Kwemsala naijua. Ni juu, udongo mwekundu, miiba. Tulichungia mbuzi kule wakati wa masika, na masika yakiisha tulikuwa tunashuka nao kwa sababu hakuna hata tone. Sikumwambia. Nilikuwa natazama mchoro wake, jinsi nyumba zilivyopangwa, na tayari nilikuwa nahesabu mapaa.

Kwenye ule mchoro kulikuwa na bwawa, limechorwa kwa vitone. Barabara ilikuwa mstari kamili, shule mstari kamili, bwawa vitone. Nikamwuliza hivi vitone ni nini.

"Maana yake litachimbwa," akasema. "Mashine ziko njiani."

"Sasa mimi vitone nitavipuliza vipi?"

Alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, Zaina, usimchukie. Alikuwa anaamini mashine ziko njiani kwa sababu na yeye aliambiwa hivyo.

"Wewe paka maji," akasema. "Wananchi hawasomi vitone."

Nikafanya kazi mwezi mzima. Nilichonga nyumba moja moja, nikatia milango, miti nikaitengeneza kwa nyuzi za mkonge zilizochovywa rangi ya majani. Bwawa nililiacha mwisho. Nilikuwa na buluu iliyobaki baada ya kupaka basi moja, buluu nzuri sana. Nikabandika magazeti kuzunguka, nikauingiza upande ule wa ubao ndani ya sanduku, nikawasha feni. Nilipuliza mkono wa kwanza wa rangi, ukakauka, wa pili, ukakauka, wa tatu. Juu yake vanishi. Yote kwa mkao mmoja, tangu baada ya chakula cha mchana mpaka magharibi. Nilipobandua magazeti, yale maji yaling'aa mpaka wewe ukaja ukachovya kidole, ukakitazama, ukaona hakijalowa, ukalia.

Huwa nafikiria jiwe la kufulia. Zamani ningetoka mara kumi mchana ule. Ningekaa pale na kichwa kinazunguka, nitazame lile bwawa kwa mbali, labda nimkumbuke mama akiinua yale matawi ya miiba. Siwezi kuapa kwamba ningeacha kulipuliza. Najua tu kwamba sikukaa. Hewa yote mbaya ilikuwa inakwenda nyuma, juu ya paa, na mimi nilikuwa nasikia raha.

Wala usiseme baba hakujua. Nilijua. Hilo ndilo nililoshindwa kukuambia miaka yote hii. Nilijua Kwemsala hakuna maji, nikayatia, kwa sababu mchoro ulikuwa nayo na kwa sababu yalitoka mazuri.

Ubao ulipakiwa kwenye Land Rover, na mimi nikapakiwa pamoja nao, kupitia Segera mpaka Handeni na kutoka huko njia ya vumbi mpaka kitongojini kwetu. Wazee walikuwa wameshakataa mara mbili. Wakatoka wakauzunguka ubao. Mmoja akauliza maji yako wapi. Bwana Ramani akaonyesha bwawa kwa kalamu. Wazee hawakumtazama yeye. Waligeuka wakamtazama mama yangu, kwa sababu mimi nilikuwa mwanawe na nilikuwa nimesimama pale na rangi kwenye kucha.

Mama akasogea. Akainama akalitazama lile bwawa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa Kizigua, mbele ya wote:

"Mwanangu, haya maji umeyaona?"

Nikamjibu, "Yapo kwenye ramani, mama."

Hakuwahi kuona ramani maishani mwake. Kwake kilichopo kipo. Akanyoosha mgongo, akawageukia wenzake.

"Bakari hawezi kutia maji mahali pasipo na maji," akasema. "Tuhame."

Wakahama. Kiangazi kile kile, wenyewe, wakang'oa nguzo za nyumba zao kwa mikono yao wakazibeba vichwani. Hakuna aliyesukumwa. Bwana Ramani alinipa mkono, akasema laiti kila wilaya ingekuwa na fundi kama mimi, na mimi nikarudi nyumbani na maneno hayo nikamwambia mama yako.

Mashine hazikufika. Tuliambiwa zimekwama Segera kwa kukosa mafuta, kisha tukaambiwa zimepelekwa kwingine, kisha tukaacha kuambiwa. Bwana Ramani akahamishwa. Ubao ulizungushwa kwenye maonyesho mawili matatu, halafu ukarudishwa kwangu kwa sababu ofisi ilikuwa inataka meza.

Nilikuwa nakwenda kumwona mama kila nikipata ruhusa. Nampelekea sabuni na sukari zikipatikana. Nyumba zilikuwa zimenyooka kama nilivyozichonga, na mahali pa bwawa palikuwa na miiba na kigingi kimoja cha chuma. Alfajiri nilisikia wanawake wanaondoka. Walikuwa wanarudi bondeni, kwenye mto ule ule wa mchanga, kwenye visima vyao vya zamani, saa mbili kwenda na zaidi ya hapo kurudi na ndoo kichwani. Mama hakulalamika. Alinionyesha nyumba yake, akasema shule iko karibu, hilo ni zuri. Hakuna mtu pale aliyewahi kunisema. Walinisalimia vizuri, na mimi niliitikia vizuri, tukauliziana hali ya watoto.

Kiangazi cha tatu alianguka njiani na ndoo. Nyonga ikavunjika. Alilala pale hadi jua lilipopanda, ndipo wakampata. Tukamleta hapa, na yaliyofuata unayakumbuka, kwa sababu ulilala naye chumba kimoja. Unakumbuka alivyokuwa akikataza maji ya kikombe yasimwagwe, hata yakiwa ya kunawia. Unakumbuka alivyojaza vichupa na makopo na kuvipanga chini ya kitanda, na bomba lipo hapo uani. Ulidhani ni uzee, ukawa unamtania, na yeye akawa anakucheka.

Karibu na mwisho wake aliniomba nimletee ule ubao. Nikauweka kitandani. Wewe ulikuwa shule. Akapitisha kidole barabarani, polepole, akafika kwenye bwawa, akakiacha hapo.

"Rangi yako nzuri," akasema. "Kila siku nikitembea nilikuwa nawaambia wenzangu, maji ya Bakari yapo. Labda ni sisi ndio hatujayafikia."

Nilirekebisha mto wake, nikaurudisha ubao bandani. Nilikuwa na siku kumi na mbili za kumwambia, na kila siku nilimpelekea uji nikakaa naye, tukazungumza habari za mvua. Siku ya kumi na tatu hakuamka. Tulimzika, nikatia udongo, watu wakanipa pole, nikawaitikia wote. Sikulia. Mama yako alidhani nimejikaza. Sikujikaza, Zaina, nilikuwa sisikii kitu. Mpaka leo ni hivyo. Ni kama nimekaa ndani ya lile sanduku langu na feni inazunguka mgongoni, inavuta kila kitu kabla hakijanifikia. Ulipoleta barua ya chuo mama yako alipiga vigelegele na majirani wakaja, na mimi nilijua ni siku ya furaha, nikatafuta furaha yenyewe sikuipata. Usidhani ilikuwa ni wewe.

Kitu kimoja tu nakisikia, na ni hofu. Naogopa kwamba ukimaliza kusoma hapa hutaniita tena baba kwa ile sauti unayoniitia. Lakini ningeogopa zaidi ukalipanga hilo bwawa kwenye meza yako, na wenzako wakalisifu, na wewe ukawasimulia. Umechagua kazi yako kwa sababu ya kitu ambacho sikukuambia chote. Sasa nimekuambia. Ukitaka kurudi, rudi, mlango ni huo huo. Mimi nadhani utakwenda, na nadhani ni vizuri uende. Watakupa michoro yenye vitone, na atakuwepo mtu mwema, mwenye haraka, atakayekuambia paka tu. Sijui utamjibu nini. Mimi nilikuwa na jibu, nilikunywa maji ya bondeni tangu utotoni, na sikulitoa. Tafuta jiwe lako la kukalia, huko huko chuoni.

Kesho sitasema neno. Nitabeba sanduku lako la nguo mpaka stendi, nitagombana na utingo kuhusu pa kuliweka, mama yako ataongea kwa niaba yetu wote. Barua hii nitaiweka juu ya nguo, na ufunguo atakupa mama yako mkononi. Yeye anajua sehemu, si yote. Fungua ukishafika.

Chini ya nguo utakuta bwawa. Asubuhi, mlipoondoka, nililikata kutoka kwenye ubao kwa msumeno mdogo. Nilitaka kulipaka rangi ya mchanga kwanza, nikupe likiwa la kweli. Nikalitoa lile sanduku la rangi, nikamwaga misumari, nikaweka nyuzi mpya za mkonge, nikakata mkanda mwingine. Miaka saba halijawashwa, na likawaka. Nikachanganya rangi, nikajaza pampu, nikaliweka bwawa mbele yangu. Feni ilizunguka muda mrefu sana. Mwisho nikaizima, nikatoka nje, nikang'oa nyasi kuzunguka jiwe la kufulia, nikakaa. Nililitazama lile bwawa kwa mbali, kupitia mlangoni. Linang'aa bado.

Nimeliacha na buluu yake. Kulipaka mchanga leo kungekuwa ni kulificha, na nimeficha ya kutosha. Nimelifunga kwenye kanga ya bibi yako. Ligeuze. Nyuma, kwenye ubao mtupu, nimeandika kwa penseli, kwa mkono wangu mwenyewe, jibu la swali aliloniuliza mama:

Sijayaona. Hapa hapana maji.

Baba yako,
Bakari